Koti Lenye Mkono Pungufu

Tarehe 3 Februari

Shikamoo baba,

Natumaini u mzima na mgongo umekupa nafuu. Mimi sijambo, ila masikio yanavuma na viganja vimejaa malengelenge. Hii ni barua ya tatu na hujajibu hata moja. Nitaandika tu, maana nikipiga simu unamwachia shangazi aseme umetoka, na mimi nasikia cherehani yako ikienda hapo hapo.

Juzi bendi yetu ilionyeshwa kwenye televisheni. Mabati hii hii uliyosema haitamaliza miezi miwili. Nilipiga dramu nikiwa nimevaa lile koti la kijivu ulilonishonea wiki niliyoondoka, la kitambaa kilichobaki kwenye sare za walinzi. Kesho yake gazeti halikuandika neno kuhusu muziki. Liliandika kuhusu koti, kwamba mkono wa kushoto umeishia vidole viwili juu ya kifundo. Mpiga gitaa wetu amenuna mpaka leo, kwa sababu yeye ndiye mtunzi wa nyimbo.

Nijibu baba, hata kama ni kwa kunigombeza.

Binti yako

Tarehe 1 Machi

Binti yangu,

Marahaba. Huku hatujambo. Mgongo uko pale pale, na shangazi yako anasema hatanidanganyia tena kwenye simu.

Umetaka kugombezwa, basi kaa vizuri. Jumatatu aliingia kijana na koti zima kabisa, nililomshonea mwenyewe mwaka juzi, akataka nimkatie mkono mmoja. Nikamuuliza, umeungua? Akasema hapana, Mabati. Nikamfukuza. Jumanne wakaja wawili. Jumatano akaja mwalimu mkuu na sare kumi na tisa za wanafunzi, mikono ya kushoto yote imekatwa kwa wembe, anaomba niirefushe kabla wazazi hawajaona. Miaka thelathini na moja nashona mikono inayolingana, leo nimekuwa mtu wa kuunga vipande.

Na hizo kelele sasa. Nyuma ya kinyozi kuna bendi, kwa fundi viatu kuna bendi, na hakuna hata mmoja kati yao anayejua kupiga. Duka lililokuwa likiuza ndoo siku hizi linauza vijiti vya kupigia ndoo. Cherehani yako nimeifunika shuka, nayo inatetemeka siku nzima kama ina homa.

Uliondoka ukaniachia kazi ya watu wawili. Hilo sijalisahau.

Baba yako

Tarehe 9 Mei

Shikamoo baba,

Nimeisoma barua yako kwenye gari la vyombo, nikacheka mpaka mpiga gitaa akadhani namcheka yeye. Poleni na kelele. Mimi ni mzima, nimekonda kidogo, usimwambie shangazi.

Tumevuka mipaka mitatu. Ukumbi wa jana uliingia watu elfu nane, na nusu yao walivaa makoti yenye mkono pungufu. Kuna profesa ameandika kurasa sita kwamba mkono wangu ni kilio cha mfanyakazi aliyenyimwa haki yake. Kuna kampuni inayashona kwa maelfu, mikono imekatwa kwa mashine, yote sawasawa. Kila mwandishi ananiuliza swali moja tu, mkono una maana gani. Nimechoka nao. Miaka minne nafanya mazoezi mpaka vidole vinatoka damu, na ninachoulizwa ni pindo.

Baba, mwandiko wako umekuwaje? Mistari inapanda kama ngazi, na anwani umeiandika nusu juu ya stempu.

Binti yako

Tarehe 2 Julai

Binti yangu,

Tuko salama, tunashukuru. Kuhusu mwandiko, kalamu ni mbovu. Tusizungumzie kalamu.

Jana amekuja bwana harusi. Mtu mzima, karani wa benki, ana upara. Anataka suti ya harusi ya mkono pungufu, na bibi harusi naye gauni la mkono pungufu. Mama mkwe alikaa kwenye kiti cha wateja analia. Nikamwambia mama, nami nalia, ila moyoni. Hivi hamna wimbo mnaoweza kuwaimbia hawa watu wavae nguo zao kama walivyoshonewa?

Baba yako

Tarehe 15 Julai

Shikamoo baba,

Habari za siku. Mimi naendelea vizuri, na nina jambo la kukuomba.

Wapo watu wanatengeneza filamu kuhusu Mabati, tulivyoanza na tulivyoenea. Wanataka kuja dukani kwako tarehe 5 Agosti wakupige picha ukipima kitambaa na kukata mkono ule kama ulivyoukata siku ile. Tafadhali usiwafukuze.

Nimeshawaeleza maana yake. Sikuwahi kukuambia kwa sababu wewe na mimi hatusemeshani hivyo. Wewe ndiye uliyenikataza kutumia mkono wa kushoto tangu utotoni, kwa sababu mkasi wa fundi umetengenezwa kwa mkono wa kulia. Siku naondoka hukutoka hata mlangoni. Halafu nikafungua mfuko nikakuta umenipunguzia mkono ule ule wa kushoto, ili pindo lisinaswe na kijiti. Nililia kwenye kiti cha basi. Nilijua umeniruhusu, ila umeshindwa kutamka. Kila nikikaa kwenye dramu nalishika pindo la mkono huo kwanza, ndipo naanza.

Binti yako

Tarehe 22 Julai

Binti yangu,

Salaam. Hii barua nimeianza mara nne.

Waambie watu wa filamu wasije. Mkono ule sikuupunguza kwa ajili yako. Niliupunguza kwa sababu sikuuona. Jicho la kushoto lilikuwa limeanza ukungu tangu mwaka uliotangulia, nikaweka alama ya chaki mahali pasipo pake, nikakata, nikakunja. Nimekuja kujua nilipokuona kwenye televisheni ya kinyozi, nimesogea mpaka pua inagusa kioo. Watu wanashangilia, mimi natamani ardhi inimeze.

Sasa na la kulia limeanza. Nakosea kila siku, na hakuna anayerudisha nguo. Nikiharibu mkono mteja ananishika mkono wangu kwa mikono miwili, anasema huyu ndiye fundi wa Mabati. Hujui inavyokera, fundi kuharibu kazi halafu apewe pongezi. Ila imenisaidia kuficha, na nimeficha. Nikienda hospitali wakasema macho basi, mimi ni nani?

Na ukweli wote ni huu. Ningeuona mkono ule siku ile, ningeurefusha. Sikutaka uende. Nisamehe kwa kukuvunjia kitu ulichokuwa umekishika.

Baba yako

Tarehe 30 Septemba

Baba,

Shikamoo. Niko hai.

Nimekaa wiki kumi bila kukuandikia kwa sababu kila neno lililonijia halikuwa la kumwambia baba. Barua yako niliichana, kisha nikaiunga kwa gundi ili niisome tena nikasirike vizuri. Nimepiga maonyesho tisa nikiwa na shati tu. Magazeti yanasema bendi imevunjika. Mpiga gitaa ananiomba nilivae koti, yeye aliyelichukia kuliko wote. Siwezi. Nikilishika naona kosa la chaki.

Lakini kinachonikera zaidi si koti. Ni kwamba umekaa dukani unapofuka, watu wanakupigia makofi, na mimi huku najibu maswali ya profesa. Nilikuuliza kuhusu mwandiko ukanijibu kalamu.

Nimezungumza na daktari wa macho. Kwa nilivyomweleza, anadhani ni mtoto wa jicho, upasuaji wa muda mfupi. Tarehe 14 Oktoba shangazi atakuja kukuchukua saa mbili asubuhi. Ukikataa, nitaacha ziara nije nikubebe mgongoni, na hao wa filamu nitawaleta wapige picha hiyo.

Binti yako

Tarehe 12 Novemba

Binti yangu,

Marahaba. Mimi ni mzima, na safari hii neno hilo silitumii kwa mazoea. Tazama mistari yangu.

Walilisafisha jicho la kushoto kwanza, la kulia wiki mbili baadaye. Shangazi yako anasema nimekuwa mtu wa kuudhi, kwa kuwa sasa naona vumbi lake. Kitu cha kwanza nilichokwenda kutazama ni ile picha yenu kubwa iliyobandikwa kwa kinyozi. Kumbe begani nako nilipinda. Lile koti usilivae tena mbele za watu, linanitia aibu.

Ndani ya kifurushi hiki kuna jingine. Kitambaa ni kile kile, nilikuwa nimebakiza. Nimelishona kwa siku sita kwenye cherehani yako, maana ndiyo iliyo mbele ya dirisha. Mabega yamenyooka. Mikono yote miwili niliimaliza ikiwa sawa, nikaipima mara tatu, nikaitundika ukutani nikaiangalia mchana kutwa.

Kisha nikachukua mkasi nikapunguza wa kushoto, vidole viwili. Huu nimeukata nikiwa naona.

Baba yako