Nimewatukana Shemeji Zangu Mtoni

Stanleyville, Jumatatu asubuhi. Mvua imekata alfajiri na sasa jua linachoma. Koo langu limekauka, na mke wangu Rejina ananicheka kila nikifungua mdomo. Nina furaha ambayo sijui niiweke wapi, basi naiweka hapa.

Jana tumeshinda.

Naandika "tumeshinda" mimi ambaye sikushika kasia. Lakini ngoja nianze na ukweli, maana shajara ukiidanganya umejidanganya mwenyewe. Mimi ni mtoto wa Yahuma, wa msitu na mashamba ya muhogo. Mto huu wa hapa mjini niliukuta ukubwani, na mpaka leo nikikanyaga mtumbwi nang'ang'ania ubavu wake. Lakini soma mashairi yangu! Humo mto ni mtukufu, ni mfalme, na mimi ni mwanawe ninayecheza kifuani pake. Kila Jumamosi nawasomea makarani wenzangu. Tumefunga tai, wanapiga makofi ya vidole, kisha tunakunywa bia na kubishana juu ya mpira. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuondoka na mstari wangu mdomoni.

Hilo limeniuma kuliko nilivyowahi kukiri.

Rejina ni Mgenia, wa kabila la wavuvi, amezaliwa kando ya maporomoko. Kaka zake huniita bokilo, yaani shemeji, na wao hulitamka kama jina la mtu anayejua kula samaki tu. Wana mtumbwi wa mashindano, na mwaka jana watu wa Isangi waliwaacha nyuma mbele ya mji mzima. Juma lililopita tonton, mjomba wao anayewaimbia, akashikwa na kikohozi, sauti ikaisha. Bila mwimbaji makasia hayaingii majini pamoja. Ndipo Rejina akawauliza kaka zake, kwa majivuno ambayo sikuyastahili, kwani nyumbani hamna mtunzi?

Ningeweza kukataa. Lakini nilitamani, walau mara moja, maneno yangu yasukume kitu.

Nikatunga. Siku ya mazoezi nikasimama katikati ya mtumbwi, mkono mmoja umeng'ang'ania ubavu, nikaanza: "Enyi mashujaa wa mto mtukufu, wana wa maji yaliyobarikiwa tangu enzi..." Sikufika "enzi". Makasia yaligongana, na Boniface, shemeji yangu mdogo, nusura atumbukie. Kaka yake mkubwa Anselme, ambaye ndiye nahodha, alinitazama kwa huruma.

"Bokilo, wimbo yako iko murefu kuliko hii pirogue yetu. Kata."

Nikakata. Akasema kata tena. Jioni shairi langu lilikuwa limebaki mifupa: Mashujaa, vuta! Wana wa mto, vuta! Niliona uchungu, lakini makasia yaliingia pamoja.

Jana mchana kingo zilijaa watu, wazungu chini ya turubai lao, sisi wengine juani. Tuliondoka chini ya maporomoko kuelekea gati la bandari. Nikaimba mashujaa, wana wa mto, nikaimba kwa moyo wote. Katikati ya safari Isangi walikuwa mbele kwa urefu wa mtumbwi mzima. Nikawaangalia watu wangu. Walikuwa wamesimama vifua mbele, wanapiga kasia kwa madaha, jicho likiwa kwa wasichana wa kingoni.

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Methali hii nimeijua tangu darasani, ila jana niliiona kwa macho, na mwenye kusifu nilikuwa mimi. Nikaelewa pia kwa nini mashairi yangu hulaza watu. Hasira ikanipanda, kwao na kwangu.

Sasa, shemeji na shemeji wana utani wao. Bokilo anaruhusiwa kusema neno ambalo likitoka kwa mwingine ni ngumi. Ruhusa hiyo sikuwahi kuitumia. Nilijiona muungwana mno. Jana niliitumia yote.

"Anselme, samaki yako, ya kununua!"

Kila mtu alijua. Samaki yule mkubwa wa sikukuu, ambaye Anselme alijisifu wiki nzima kuwa kamvua mwenyewe, alimtoa sokoni. Mtumbwi mzima ukanguruma: "Ehe! Vuta!" Anselme alitaka kugeuka anipige, lakini kasia lilikuwa mkononi na mpigo haungojei, basi akayapiga maji.

"Boniface, mama mukwe akikuya, unaingia chini ya kitanda!"

"Ehe! Vuta!"

Niliwapitia mmoja mmoja. Miaka yote niliyokula kwenye majiko yao nilikuwa nikiona na kunyamaza, na kumbe nilikuwa nikitunga. Walicheka, walinitukana, walivuta kama waliochomwa moto. Tukawafikia Isangi, pua kwa pua, na majina yakaniishia.

Boniface akapaza sauti bila kugeuka: "Na wewe, bokilo? Wewe iko nini?"

Gati lilikuwa karibu, na makarani wenzangu walisimama pale na tai zao. Ningeweza kurudia samaki wa Anselme. Lakini ningekuwa mwoga mara mbili, wa maji na wa watu.

"Bokilo ya Yahuma, anaogopa maji! Anaandika mto, hajue kuogelea!"

Sijawahi kusikia kicheko kama kile, kingo zote mbili. Mtumbwi uliruka. Nilipotanabahi nilikuwa nimeachia ubavu, mikono yote juu, naimba aibu yangu kwa furaha, na pua yetu ikagusa gati kwanza.

Anselme alininyanyua kama mtoto, akanitupa majini, penye kina cha kiuno, kisha akanishika mkono na hakuuachilia mpaka nilipoacha kutapatapa. Alikuwa analia na kucheka. Mimi pia.

Nimeamua mambo mawili. Jumapili, misa ikiisha, Anselme ananifundisha kuogelea. Na kuanzia leo sitaandika juu ya mtu mstari nisioweza kumwimbia usoni, wala juu ya kitu ninachokiogopa bila kusema kwamba nakiogopa.

Nimesimamisha kalamu kidogo. Wanawake wanapita nje na makapu ya chikwangue, ile mikate ya muhogo, wanakwenda sokoni, na nasikia wanavyoimba wakitembea kwa mpigo: anaandika mto, hajue kuogelea! Sidhani wanajua kwamba mwenyewe yuko hapa, hatua chache kutoka kwao.

Nimefungua dirisha nikawaitikia: "Vuta!"