Mizabibu ya Rika Langu

Karatu

Baba yangu mpendwa,

Mbukwenyi, na shikamoo nyingi kutoka huku kwenye baridi. Goti linaendeleaje? Naomba Mungu barua hii ikukute umekaa kwenye kigoda chako, si umeshika jembe.

Najua utashangaa kuandikiwa barua wakati simu zipo. Sababu unaijua mwenyewe. Juzi nilipotaja shamba tu, ukasema mtandao unasumbua, mara simu ikakatika. Mtandao huohuo haujawahi kusumbua tukizungumzia harusi za watu. Basi nimeona niandike, maana barua haina kitufe cha kukata. Nimemwomba Mama Mdogo akusomee mpaka mwisho, na ukiinuka akusubiri urudi.

Kaka Yona ameniambia unataka kung'oa mizabibu ya marehemu Mama kabla ya mvua, upande alizeti. Anasema umesema imezeeka, haizai. Tangu nisikie hivyo sijatulia. Nina maneno ya kukuambia, ila nianze na habari za huku ndipo utanielewa.

Mimi ni mzima. Hapa hotelini wamenitoa kwenye usafi wa vyumba, sasa nahudumia mvinyo mezani. Wageni wakirudi kutoka kreta ya Ngorongoro, vumbi limewajaa hadi kwenye nyusi, wanataka glasi kwanza ndipo waoge. Mvinyo wetu mwingi unatoka Hispania. Anayetufundisha ni mkubwa wetu, Mama Paskalina, Mwiraqw wa Buger. Ramani hana. Alimwaga ngwara mezani, hizi fiwi zinazolimwa sana huku, akazipanga zikawa nchi.

"Huku juu kushoto mvua haiishi," akasema. "Mizabibu wanaipandisha kwenye nguzo isije ikaoza. Mvinyo wake mweupe, wa kunywea samaki. Hapa ni Rioja, na mseme Rioha, msinitie aibu. Hapa Ribera del Duero, juu milimani, mchana jua, usiku baridi kama Karatu. Kule chini Jerez, udongo mweupe kama chokaa. Na hapa katikati La Mancha. Tambarare, kukavu, jua halina huruma."

"Hiyo ni Dodoma," nikasema.

"Basi hiyo yako. Ukiulizwa, ujibu wewe."

Sasa sikiliza aibu niliyoipata. Kuna chupa zimeandikwa Reserva, nyingine Gran Reserva. Nikamuuliza Lemayian, mhudumu mwenzangu, kijana wa Piyaya kule Ngorongoro, maana yake nini. Akanitazama kama mtoto. "Dada, rizavu huijui? Ni mahali pasiporuhusiwa kulima wala kuchunga. Sisi tumezaliwa tukiambiwa hilo neno." Nikaona amesema kweli kabisa. Wakaja wageni wawili wazee, mume na mke, Wahispania wenyewe. Nikawasimamia kwa kujiamini, nikawaeleza kwamba zabibu za chupa ile zinatoka ndani ya hifadhi, hakuingii jembe wala ng'ombe, na kwamba Gran Reserva ni kama kreta yenyewe, ulinzi mkali zaidi.

Yule mzee alicheka mpaka mkewe akamvua miwani. Mama Paskalina alikuwa nyuma yangu. "Neema, unaniua," akasema kwa sauti ya chini, akaondoka.

Lakini mzee hakunidharau. Alinifafanulia taratibu. Reserva ni mvinyo uliotunzwa muda mrefu, kwenye pipa kisha kwenye chupa, na Gran Reserva umetunzwa zaidi. Ule uliotunzwa muda mfupi kuliko hizo wanauita crianza, maana yake malezi. Yaani mvinyo unalelewa, Baba! Sisi huko nyumbani tunakamua mchuzi wa zabibu, tunausukuma sokoni ukiwa bado mtoto.

Kumbe naye ni mkulima, wa hukohuko La Mancha niliyopewa mimi. Akaniambia mizabibu yake mizuri kuliko yote aliipanda babu yake. Mifupi, minene, haina waya, inazaa kidogo, lakini kidogo hicho ni kizito na hakiuzi kwa kukichanganya na kingine. Nikamuuliza, je, mzabibu wenye umri kama wangu huko mnauitaje? Akaniangalia kidogo. "Huo? Huo ni kijana aliyeanza kupata akili."

Baba, nilikwenda stoo nikalia. Mama alipanda mistari ile ya mizabibu akiwa na mimba yangu, wewe ndiye uliyenisimulia. Akichoka anakalia ndoo, anaendelea kufukia akiwa amekaa. Mimi na mizabibu ile tumelingana. Ninyi mnasema imezeeka, na Shangazi anasema nami nimezeeka bila kuolewa. Sasa mkimaliza kuing'oa mtanifuata mimi?

Najua utakachosema. Utasema ya kwao inalala majira ya baridi, yetu inavunwa mara mbili kwa mwaka, lazima ichoke. Ni kweli, hapo sikupingi. Basi ipumzishe, Baba. Ipogolewe sana na iachwe msimu mmoja, isidaiwe kitu. Goti lako nalo lipumzike. Nikija likizo nitaipogoa mwenyewe, na zabibu za mistari ile tutazikamua peke yake, tusizichanganye na za mtu. Mama Paskalina amesema atauonja mvinyo wake, na akisema mbaya ni mbaya, mama huyu hana aibu. Ukiwa mbaya, nitashika jembe pamoja nawe na sitasema neno tena.

Nilimweleza Lemayian haya yote. Hakucheka. Akasema, "Hiyo mizabibu ni rika lako. Mtu haachi rika lake likaondolewa yeye akiwa hai."

Nisalimie Mama Mdogo, namshukuru kwa kusoma. Nisalimie Kaka Yona na mkewe, yule mtoto wao sasa ameota meno? Shangazi mwambie nimemsikia, anitafutie basi mwanaume anayependa baridi. Bibi jirani mwambie kitenge chake nimekipata na nakivaa Jumapili.

Na wewe Baba, nakuomba jambo moja tu. Mpaka nije, mistari ya Mama ni rizavu. Ile ya Lemayian, si ile ya Wahispania. Jembe lisiingie.

Mimi mwanao niliyepandwa pamoja nayo,
Neema