Nusu ya Iliyobaki

Jumatatu, 3 Machi
Nimefua shuka langu peke yake tena. Sahani yangu, kikombe changu. Choo naflashi mara mbili. Siku ya kumi na nne tangu nimeze dawa ya mionzi ya tezi ya shingo. Hospitali walisema siku ishirini na moja mbali na mtoto. Ndiyo maana niko huku Sterling, nje ya jiji, chumba cha chini kwa rafiki, na Leila wangu wa miaka miwili yuko mtaa wa Columbia Heights, jijini, kwa wifi Zawadi. Baba yake Leila ni dereva, yuko safarini na lori.

Leo wifi kanitumia video inayosambaa. Mtu anasema mionzi hiyo hukaa mwilini miaka thelathini. Akaongeza: "Wifi, nisamehe, mtoto simleti hata siku zikitimia." Nimelia kidogo, nikanawa uso.

Jumanne, 4 Machi
Chini ya video yeyote anaweza kuweka maelezo ya kusahihisha, wengine wanapiga kura kama yanafaa. Karatasi ya hospitali inasema kila siku nane nusu ya mionzi inaisha. Nikaandika: nusu siku nane, nusu nyingine siku nane. Kumi na sita, kwisha. Hizo ishirini na moja, nikajisemea, hospitali wanajikinga tu.

Alhamisi, 6 Machi
Maelezo yangu yamepita. Kura zimejaa, asante dada, asante dada. Wifi kayasoma. "Basi kesho kutwa namleta. Ukimdekeza namrudisha." Nimefagia chumba mara mbili.

Ijumaa, 7 Machi
Mkongo mmoja, mwalimu wa sayansi, kaniandikia palepale: "Mama, hapana. Nusu ya pili ni ya ile iliyobaki. Siku ya kumi na sita robo ingali ipo. Mkojo unatoa nyingine, lakini hesabu hiyo waachie hospitali."

Nilikasirika. Nikachukua chapati, nikakata nusu. Nikakata nusu yake. Kipande kikabaki mkononi.

Kura zote zile, na hakuna aliyekata chapati. Tulitaka iwe hivyo, basi. Video ni ya uongo, na yangu nayo haikuwa kweli. Nimefuta, nikaandika kwamba nilikosea. Halafu nikampigia wifi. Usimlete.

Wifi akasema: "Kwa hiyo hata wewe hujui kilichomo mwilini mwako."

Nimepiga picha karatasi nikamtumia, namba ya hospitali ipo, aulize mwenyewe.

Jumamosi, 8 Machi
Hakuja mtu. Leila kanionyesha kiatu kwenye simu.

Jumanne, 11 Machi
Jana siku zilitimia. Wifi hakupokea simu. "Naogopa," niliandika kwa kalamu kiganjani, nikafuta.

Leo saa nne asubuhi gari lake likasimama nje. Kumbe amepiga simu hospitali mara mbili, kaongea na watu wawili, "maana mmoja anaweza kuwa kama wewe." Nimestahili.

Leila alijificha nyuma ya gauni la wifi. Sikumvuta. Nikakaa sakafuni, nikamenya chungwa. Baadaye akasogea, akauliza kwa Kiingereza chake kama ni langu lote. Hapana mama, tule. Akakaa mapajani. Mzito kuliko nilivyokumbuka.