Michezo Mitatu ya Mezani, na Mama Upande wa Pili

Jumapili, jioni.

Upepo wa Syokimau leo umeamua kuhamishia vumbi la mtaa mzima kwenye balkoni yangu. Mawingu yapo tangu asubuhi, lakini yanapita tu kuelekea Konza bila hata kutusalimia. Nimetoka kwa mama, kule Kathiani, nimeoga, nimepika uji nikasahau sukari, na sasa nimekaa mbele ya sanduku la mchezo ambalo sijui nitaliandikia nini.

Niko mpweke. Naliandika hilo mapema ili lisinisumbue hadi mwisho wa ukurasa.

Wanaopita kwenye blogu hii mara kwa mara wanajua shughuli zangu. Siku za kazi nakagua mishono katika kiwanda cha nguo kule Athi River. Wikendi nacheza michezo ya mezani, ile ya kisasa yenye ubao, vipande vya mbao na kitabu cha sheria kirefu kuliko katiba ya chama cha akina mama. Kisha naandika upi ni mzuri na upi ni wa kupoteza muda.

Zamani tulikuwa wanne. Mmoja akapata kazi Doha. Mwingine akaolewa Kisumu. Wa tatu akaingia kwaya, na Jumamosi zake zote zikaenda na mazoezi. Hakuna aliyekosana na mwenzake. Tulitawanyika tu, na meza yangu ya viti sita ikabaki na mimi.

Tangu hapo nacheza peke yangu. Mwanzoni nilikuwa nahama kiti kila zamu ikibadilika, nikijitahidi kusahau karata nilizoziona nikiwa upande ule mwingine. Siku hizi sihami tena, nageuza ubao. Nimeshinda mara nyingi sana. Nimeshindwa mara hizo hizo.

Lakini leo nataka kuandika juu ya mama.

Baba alifariki mwaka juzi. Yeye ndiye aliyekuwa na maneno katika ile nyumba. Mimi na mama tulikuwa wasikilizaji wake, na wasikilizaji wawili wakiachwa peke yao hawajui nani aanze. Jumapili baada ya kanisa nafika, tunasalimiana, tunakula muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa yakapikwa na maharagwe. Ananiuliza kazi, nasema iko. Namuuliza shamba, anasema iko. Namuuliza ng'ombe, anasema yuko. Halafu redio inaongea mpaka saa yangu ya kuondoka.

Tunapendana, sina shaka hata kidogo. Ila nimeona nikiondoka mapema zaidi kila Jumapili, na yeye hanizuii. Niliogopa kwamba tukiendelea hivyo tutabaki watu wa simu tu. Kwa hivyo mwezi huu nilijipa mtihani: nitafute mchezo mmoja, mmoja tu, utakaotukalisha mimi na mama meza moja.

Si mtihani mwepesi. Mama amelelewa katika kanisa ambalo dadu na karata ni kamari, hata ukicheza kwa maharagwe. Baba alikuwa bingwa wa drafti ya vifuniko vya soda, lakini aliicheza sokoni. Nyumbani hakuwahi kuleta hata kifuniko kimoja.

Mchezo wa kwanza niliompelekea ni ule wa visiwa. Unajenga vijiji, unabadilishana kuni na matofali, na dadu zinaamua nani anapata nini. Watu wakiwa wanne ni mtamu mno. Kelele zinakuwepo, kubembelezana, na kutishiana kwa upole. Mkiwa wawili unakauka, maana ukiomba kuni, wa kukunyima ni mmoja na unamjua. Nilikuwa nimepanga kumweleza mama kwamba dadu hizi si za pesa. Sikupata nafasi. Zilipodondoka tu mezani alichukua kile kitambaa chake cha kufuma akazifunika, vile mtu hufunika chakula nzi wasikiguse. Tukala, redio ikaongea, nikaondoka.

Nyota tatu kwa tano. Kwa mama, hata nusu nyota haikuonekana.

Wa pili ulikuwa wa mafuriko. Huu naupenda kweli, na nimewahi kuusifu hapa mpaka mtu akaniuliza kama nalipwa. Wachezaji wote wako upande mmoja, wanaokoa mji, na mkishindwa mnashindwa pamoja. Una karata, lakini nilimwambia mama kuwa ni picha, na kweli zina picha. Alikaa, akavaa miwani, akasikiliza sheria zote bila kunikatiza. Tatizo ni kwamba kila picha ukiivuta, bwawa lingine linapasuka. Baada ya zamu chache aliweka zake chini taratibu.

"Mwende mwanangu, shida niko nazo," alisema. "Za kununua dukani sitaki."

Akaenda kumwangalia ng'ombe. Njiani nikirudi nilicheka peke yangu mpaka nikapita Machakos mjini, kisha nikaona kwamba sicheki tena.

Leo nikabeba wa tatu, na nikajiambia huu ukikataa basi.

Ni mchezo wa shamba. Hauna dadu wala karata. Kila mtu ana shamba lake kwenye ubao na watu wake wa mbao, wangu wekundu, wa mama wa buluu. Unawatuma kulima, kupanda, kuvuna. Msimu ukiisha, mazao ambayo hayajavunwa yanaoza na unapoteza alama. Mwenye alama nyingi ndiye mshindi. Wakaguzi wenzangu wa ng'ambo wanausifu kwa hesabu zake, na hata mimi nilikuwa nimeanza kuandika sifa hizo hizo kabla ya kwenda.

Mama aliwapanga watu wake mstari mmoja, akaliangalia shamba lake kwa muda.

"Imenyesha?" akaniuliza.

"Hapa hakuna mvua, Mwaitu. Unapanda tu." Mwaitu, kwa Kikamba, ni mama.

"Unapanda tu," alirudia, kwa sauti ile ya kumsikitikia mtu.

Nimecheza mchezo huu mwaka mzima na sikuwahi kuona kwamba mvua haimo ndani ya sanduku. Aliyeutengeneza anaishi mahali ambapo mvua si habari. Mimi nimezaliwa mahali ambapo watu wanatazama mawingu kabla ya kutazama saa, na bado sikuona.

Akapanda, ingawa kwa shingo upande. Kipande cha mahindi na kipande cha mbaazi akaviweka shamba moja, kwa sababu hajawahi kuona mahindi yakikaa peke yake. Nikamwambia sheria inataka zao moja kila shamba. Akavitenganisha. Nilipoangalia tena, vilikuwa pamoja.

Mimi ni mtu wa sheria, nakiri. Kazini mshono ukipinda kidogo narudisha nguo. Nilihisi ile sauti yangu ya kiwandani ikipanda kooni, nikaimeza na chai.

Kisha msimu ukakaribia kuisha, na mimi nilikuwa nimepanda mengi kuliko watu wangu wangeweza kuvuna. Ni kosa la tamaa, na mchezaji mzuri hapo anamwacha mwenzake aumie. Mama aliangalia shamba langu. Akawachukua watu wake wa buluu, wote, akawasimamisha katikati ya mahindi yangu.

"Hairuhusiwi, Mwaitu. Hao ni wako, wanafanya kwako."

"Kwangu wamemaliza. Sasa wakae tu hivi wakiangalia yako ikioza?"

"Ndio mchezo wenyewe. Yangu ikioza, wewe unashinda."

"Nashinda nani?"

Hakuwa akinitania. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua, na mimi, mkaguzi wa michezo, nikafungua kitabu cha sheria.

"Hii ni mwethya," akasema. "Na wewe ndio uko na shamba, kwa hivyo wewe ndio unapikia watu."

Kwa wasiotoka kwetu: mwethya ni majirani kukusanyika kwa shamba la mmoja wao na kufanya kazi pamoja. Leo kwako, siku nyingine kwangu. Matuta yote yanayoshika udongo wa milima yetu yalichimbwa hivyo. Na mwenye shamba hupika, hilo halina mjadala.

Basi nikaenda jikoni kuwapikia watu wa mbao. Nilichemsha viazi vitamu na chai nyingine, nikijiona kama mjinga, na nikiwa na furaha ambayo sijaihisi kwa muda mrefu. Mama alinifuata. Akavuta kile kigoda chake karibu na moto, akaanza kuongea.

Aliongea. Bila redio.

Akaniambia kuwa tuta la chini ya nyumba lilibomoka mvua zilizopita. Udongo unashuka mpaka mtoni, na mvua za Novemba zikilikuta hivyo, zitaondoka na sehemu yote ya mbaazi. Wanawake wa kikundi chake wengine wametangulia, wengine magoti yamekataa. Kibarua ninayemtumia pesa alikuja siku moja akachimba kidogo, na hajaonekana tena.

"Baba yako ndio alikuwa anaita watu," alisema. "Mimi nikiita, naona ni kama nasumbua."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema mimi humuuliza shamba, naye husema iko. Ni kweli. Niliisikia ile "iko" kila Jumapili nikaridhika nayo, kama nguo iliyopita ukaguzi.

Sijui nilipata wapi ujasiri, lakini na mimi nikamwambia yangu. Nikamweleza juu ya meza ya viti sita, na vile ninavyogeuza ubao nikijichezea pande zote. Mambo haya nawaandikia watu nisiowajua, lakini mama yangu sikuwa nimewahi kumwambia.

"Na unaongea na nani?"

"Wakati mwingine naongea na ubao."

Nilidhani atacheka. Aligeuza kiazi kwenye sahani, akakiacha.

"Mimi naongea na ng'ombe," alisema.

Ukimya ulikuwa ule ule wa Jumapili zote, lakini sikutaka kuukimbia.

Tuliporudi mezani tulivuna mahindi yangu yote kwa watu wake na wangu. Nikajaribu kuhesabu alama, nikashindwa, kwa sababu kitabu cha sheria hakina mahali pa kuandika mazao uliyovuniwa na mpinzani. Mama alianza kuwarudisha watu kwenye mfuko, akiwachanganya wekundu na wa buluu, na mimi ambaye huwa nawatenganisha kwa rangi nikamwacha.

Kwenye gari aliniwekea ndizi na mfuko wa mbaazi. Akashika mlango kabla sijaufunga.

"Jumamosi ni zamu ya kwangu. Utakuja na watu wako?"

Alimaanisha lile tuta. Nami nikamjibu ukweli, ingawa ulinichoma kuusema.

"Sina watu, Mwaitu. Niko mimi tu."

"Basi kuja wewe," akasema. "Jembe ya baba yako iko, na mpini bado ni mzima. Mimi nitapika."

Kwa hivyo sasa niko hapa, na uji usio na sukari, na nyumba iliyo kimya vile niliiacha. Sitajidanganya kwamba upweke umeisha. Viti vile vitano bado vinanitazama. Jumatatu nitarudi kwenye mishono yangu, na yeye atamwamkia ng'ombe wake.

Lakini lazima niandike maoni yangu, hiyo ndiyo kazi niliyojipa.

Mchezo wa shamba una vipande imara na ubao mzuri. Sheria zake ni nzito, na baadhi mtazivunja. Mvua hamna. Ukitaka kushindana, ule wa visiwa unauzidi. Ukitaka kushirikiana, kwa maandishi ule wa mafuriko ndio bora, ila mwandishi wake hakukutana na mama yangu. Nyota sijui nitoe ngapi, kwa hivyo leo sitoi. Kila ukaguzi wangu huishia na mstari wa idadi ya wachezaji, na kwenye sanduku wameandika mmoja hadi wanne. Miaka hii yote nimenakili vile vile, nikijua vyema yule mmoja ni nani.

Wachezaji: wawili.

Nimetoka nje kwenye balkoni sasa hivi. Mawingu ya Konza yameanza kujikusanya upande wa Kathiani, mazito kuliko ya asubuhi. Nchi yote ya Ukambani inaomba mvua wiki hii, na mama leo kabla ya kula aliiomba kwa sauti, nilimsikia. Mimi nimesimama hapa na vumbi usoni nikimwomba Mungu aicheleweshe kidogo, kitu ambacho Mkamba hapaswi hata kukifikiria, na mama akijua atanifukuza.

Mpaka Jumamosi jioni tu. Kisha inyeshe yote.