Maziwa ya Muchele ya Kabange

Kamina, ku kambi ya bantu ba reli,
tarehe 9 mwezi wa sita 2024

Mupendwa mudogo wangu Éliane,

Ninakusalimia kwa moyo wote, weye pamoja na bwana yako Mbuyi na batoto. Muko namna gani na ile baridi ya Liège? Mugongo wa Mbuyi ulipona? Mwambie asibebe vitu vizito, yeye si kijana tena hata kama anavaa viatu vya kijana. Siye huku tunaamuka, tunakula, tunamushukuru Mungu. Bwana yangu Constant iko anatumika ku reli kama zamani, ijapokuwa train inapita siku yenye inapenda yenyewe.

Chancelvie wangu amekuwa wa kwanza mu darasa. Mwalimu wake alinisimamisha mu njia, mbele ya bantu, akauliza huyu mutoto anakula nini. Nilimujibu kama anakula bukari sawa na bengine, ila kichwa alitoa kwa mama yake. Basi, niache hapo, utasema dada iko anajivuna.

Na kweli njo majivuno imenileta ku hii karatasi. Umepiga telefone mara mingi na sikupokea. Mara ingine nilimupa Chancelvie aseme mama ameenda soko, na nilikuwa nimekaa pale pale. Sauti yangu ungeijua mara moja. Mama Ève wa kwaya anasafiri Lubumbashi, anajua muntu wa kufikisha barua, kwa hiyo ninaandika.

Ni juu ya maziwa yenye ulituma.

Unakumbuka vile kisha operesheni ya kuzaa mapasa maziwa yangu ya kifua ilikauka, minyi mwenye nilinyonyesha Chancelvie mpaka bantu bakauliza kama ninamulisha mawe. Hawa mapasa babili, Kyungu na Kabange, tukabaanzisha maziwa ya unga ya butiki. Kyungu alinenepa. Kabange alitapika, akatoka vipele mwili muzima, choo yake ikawa na damu. Docta wa Lubumbashi akasema mwili wake unakataa protini ya ngombe, na uji wa muchele wa ku nyumba hautoshi kulea mutoto wa ule umri. Lazima maziwa ya mukebe yenye imetengenezwa na protini ya muchele. Hapa Kamina hakuna. Weye ukatafuta kule, ukanunua, ukatuma. Mikebe ilifika salama na Kabange akarudia kuwa muntu.

Weye ulitoka huku ungali kijana, labda umesahau vile tunalea mapasa. Ukinunua shati, ni mbili. Mugeni akileta mukate mumoja, tunamurudisha ku mulango atafute wa pili. Sasa mama mukwe wangu, Mama Kaumba, akaona Kabange anakunywa maziwa ya Mputu, ya kule kwenu Ulaya, na Kyungu anakunywa ya butiki. Akaniita mu chumba. Akasema Kyungu njo mukubwa, nikimunyima kitu kizuri atakasirika, atarudia kule alitoka, na mwenzake atamufuata. Yeye alizaa mapasa kabla yangu na alizika mumoja, unajua. Sikuweza kumubishia.

Lakini, Éliane, nisimuweke mama wa bantu mbele kama ukuta. Minyi mwenyewe nilifurahi. Mikebe yako niliipanga mu kabati ya vioo, maandishi ikitazama mulango. Mugeni akikaa tu, ninaanza: mapasa bangu banakunywa maziwa ya Mputu, bote babili, mudogo wangu iko kule. Tshiala, jirani yetu, aliniambia siku moja kama hata batoto ba gavana habakunywi vile. Nilijibu kama batoto ba gavana habana tantine Éliane. Nilitembea na ile neno juma muzima.

Basi Kyungu, mwenye hana ugonjwa wowote, alikunywa maziwa ya mwenzake. Biberon mbili za kunyonya, kipimo kimoja. Mikebe yenye ulipanga itoshe mpaka musafiri mwengine atakuja ikaisha mbele ya wakati. Nilipaswa kukupigia ile siku ile ile. Niliona haya. Ningesema nini? Nilimutazama Kabange, anacheka, ana mashavu, nikasema mu moyo labda ule ugonjwa umekwisha. Nikaenda ku butiki ya Sudi, nikachukua maziwa ya unga ya kawaida. Niliimwaga mu mukebe wako mutupu, kusudi Tshiala asione.

Ilikuwa siku ya mungu, kisha misa. Kabange alikunywa, na mbele ya biberon kuisha midomo yake ilianza kuvimba. Alitapika, akatapika tena, kisha akalegea mu mikono yangu kama kitambaa chenye maji. Constant alimunyakua akakimbia naye ku hospitali na soksi bila viatu. Minyi nyuma na Kyungu ku mugongo, Mama Kaumba nyuma yangu, Tshiala na bamama ba kambi nyuma yake.

Docta kijana alimupiga sindano, akamuwekea serum ya maji mu mushipa, kisha akauliza mutoto alikunywa nini. Nikasema: maziwa yake ya muchele. Akauliza kama hakuna kitu kingine. Nikasema hakuna. Bamama bote balikuwa pale ku mulango, Éliane, na mikebe yote mu kambi inajulikana.

Docta akatikisa kichwa. Akamuelezea Constant kama, ikiwa ni vile, hata muchele mwili wa mutoto unaukataa sasa. Tusimupe tena ile maziwa. Hapa habana ingine, itafaa kumupeleka Lubumbashi kama atapata nguvu ya kusafiri. Constant alinitazama. Yeye anajua train yetu kuliko docta.

Hapo njo niliona kitu nilikuwa ninafanya. Chakula kimoja tu mutoto wangu anaweza, na minyi nilikuwa ninaisingizia.

Nikasema: «Docta, nilidanganya. Ile ya muchele iliisha. Nilimupa ya butiki.»

Kisha Tshiala, unamujua kinywa yake: «Ee, Mama Mapasa. Kumbe Mputu iko hapa karibu, pa Sudi.»

Bamama balicheka. Minyi nilitazama chini, mu sakafu ya ile hospitali, na ningeweza kukuchorea kila ufa wake mpaka leo. Docta hakucheka wala hakunigombeza. Alisema asante, akafuta kitu alikuwa ameandika, akaandika upya. Ile asante iliniuma kuliko kicheko.

Constant hakunisemesha mpaka Kabange alifungua macho akatafuta kula. Kisha alikwenda ku stasion, akaomba mwenzake wa Lubumbashi atafute ku bafarmasi. Mukebe mumoja ulipatikana na ukaja na train. Njo huo tunatumia, na ninapouchota kijiko inagusa chini.

Na Mama Kaumba hatukugombana. Siku tulirudi ku nyumba aliketi kati ya mapasa, akashika biberon ya muchele mukono mumoja na ya butiki mukono mwengine, akabanywesha pamoja. Alisema: «Bakishiba saa moja, ni sawa. Basiwe na wivu wa maziwa, yote ni nyeupe.» Sikujua kama analia ao ni moshi ya jiko. Tshiala naye anakuja kila asubui kumubeba Kabange ninapofua, na mu kambi hakuna tena mwenye hajui kisa changu. Ananiita Madame Mputu. Ninaitika.

Constant anakusalimia. Chancelvie anakusalimia, anaomba umutumie picha ya neige, ile barafu ya kwenu. Mama Kaumba anasema Mungu akulinde ku kazi na ku njia. Nisalimie Mbuyi, na batoto ubapige busu ku kichwa.

Sasa neno ya mwisho, na ndiyo ngumu. Ulitembea mu ile baridi juu ya ile mikebe, na minyi niliigeuza kuwa mapambo ya kabati. Kasirika. Niandikie maneno makali, nitaisoma nikiwa nimekaa, hata mbele ya Constant. Ila hasira yako isifike kwa mutoto. Nakuomba mikebe ingine, mbele hii moja iishe. Na usitume ya mapasa, hata nikikuomba siku ingine kwa kinywa yangu mwenyewe. Chukua kalamu, andika juu ya kila mukebe jina moja: Kabange.

Mungu akurudishie mara mingi mema yenye umetutendea, na akulaze na moyo mweupe.

Ni minyi dada yako, mwenye kukupenda na mwenye kuona haya,

Delphine