Mgeni wa Baba Kutoka Magofu ya Wamaya

Jumapili, 3 Novemba. Riyadh
Bila mimi familia hii ingeshasambaratika. Bosi ana kampuni, sawa, lakini funguo za magari, dawa za babake, ambaye nami namwita Baba, na siri za nyumba ninazo mimi. Leo nimempeleka Baba kliniki, mtaa wa Al-Murabba. Njiani akadai tena hadithi ya Guatemala. Mwaka huu bosi alitupeleka huko kuona magofu ya Wamaya, msituni kabisa, mimi nikisukuma kiti cha magurudumu cha Baba. Yeye alibaki chini. Mimi nikapanda piramidi. Dereva gani mwingine hapa Riyadh amepanda piramidi? Nikamsimulia: juu nilikuta mzee amekaa, amenipa mgongo, anachuruzika maji na mvua hakuna.
Mzee huyo nilimtunga. Baba alikuwa mnyonge, nikatia chumvi.

Jumatano, 6 Novemba. Jeddah
Tumemleta Baba mtaa wa Al-Baghdadiyah apate hewa ya bahari. Anauliza, "Yule mzee aligeuka?" Bado, nikasema. Nilidhani namchangamsha.

Ijumaa, 8 Novemba
Baba anasema yule mzee amegeuka. Eti sasa amekaa humu, kiti cha dirishani. Nikacheka. Sikucheka vizuri.
Kile kiti kimelowa. Nimelaumu AC.

Jumamosi, 9 Novemba
Baba hataki kula. "Mgeni hajala, mwenye nyumba ataanzaje?" Daktari amesema akiendelea hivi hatufiki mbali. Bosi hajanigombeza, ameniangalia tu. Heri angenigombeza. Naogopa. Nimemletea kifo kwa mdomo wangu.

Jumapili, 10 Novemba
Nimepiga magoti kando ya kitanda. "Baba, nisamehe. Nilidanganya. Hakuna mzee, halas, yameisha."
Akacheka mpaka akakohoa. "Mwadime, nilikuwa pale chini, nakuona. Ulipanda vidato vichache ukarudi mbio, kiatu mkononi."
Aibu.
Kisha akasema, "Lakini yeye alikuwepo. Yalla, mpe chakula."
Nimeweka sahani ya wali na kuku mbele ya kiti kitupu. Nikasema karibu. Ndipo Baba akala.

Jumanne, 12 Novemba
Anakula vizuri. Leo ameomba samaki. Kila mchana napakua sahani mbili. Ya mgeni naiondoa bila kuitazama. Kile kiti sikipi mgongo.
Na huko msituni, kilichonirudisha mbio hakikuwa mzimu. Kitu kilinguruma mitini, nikajua simba. Mimi, mtu wa Voi, niliyekua na simba.
Walikuwa tumbili wa kule, wanaonguruma kama simba.