Goti Limegusa Zulia

Ijumaa, Machi 2009

Limekunjika mpaka chini, na halikuuma.

Miezi saba tangu operesheni ya kano za goti nimesali juu ya kiti, mstari wa nyuma pamoja na wazee, mimi wa miaka ishirini na sita. Kila asubuhi nalala sakafuni, kanga ya Mama nimeipitisha kwenye kisigino, navuta goti likunjike. Mama husimama mlangoni: "Usiichane tu, hiyo ya harusi ya dada yako."

Wiki iliyopita fizio anayenifanyisha mazoezi ya mguu aliniruhusu kupiga magoti, taratibu. Basi leo, msikitini mtaani kwetu Sparkhill, nilivipita viti nikasimama na wenzangu. Wakati wa kusujudu nilitanguliza mikono, kisha mguu mzima, kisha huu. Paji la uso likagusa zulia. Linanuka soksi, nilikuwa nimesahau. Imamu akainuka, watu wote wakainuka, mimi bado niko chini nacheka peke yangu.

Sasa limevimba kidogo. Nimeweka barafu, Mama sijamwambia. Naogopa nisije nikawa nimeharakisha, halafu...

Lakini Mzee Haji. Kila Ijumaa alikuwa akiniwekea kiti ubavuni pake kwa kukitandika koti lake. Leo tulipotoka alikuwa amelivaa.

"Umetukimbia," akaniambia.

"Niwie radhi, mzee."

"Radhi ya nini? Nikikuona tena kwenye viti vyetu, nakufukuza."